Ukali wa Kufundishwa: Malezi, Wenye Mbwa na Dhana ya Mbegu katika Vihamba vya Uru, Kilimanjaro

Katika malango ya nyumba nyingi za Moshi mjini, na siku hizi hata katika njia za ndani za Uru, huning'inia kibao chenye maneno mawili: "Mbwa mkali". Maneno hayo humtahadharisha mpita njia, na kwa kazi hiyo yanatosha. Kwa mwanahistoria yana upungufu. Yanautaja ukali kana kwamba ni sifa aliyozaliwa nayo mbwa, kama rangi ya manyoya yake, wala hayasemi ni nani aliyemlea, kwa kazi gani na kwa njia zipi. Anapomng'ata mtu ndipo sababu hutafutwa, na mara nyingi hutafutwa katika damu: ni mbegu ya Kijerumani, ana damu ya pitibuli, au, akiwa hana asili ya kujivunia, ni koko tu.

Insha hii inadai kwamba katika Uru ukali wa mbwa umekuwa zao la kazi ya kaya: nani anamfunga, nani anamlisha, nani anamchokoza, na mgeni anamfikia kwa njia gani. Dhana ya mbegu ilikuja juu ya kazi hiyo ikaifunika, na kuwapa wenye mbwa mahali pa kuutua mzigo ambao ni wao. Sidai kuwa damu haina neno. Nitalirudia jambo hilo mbele. Nadai kwamba historia ya malezi imeachwa nje ya maelezo, na kuachwa huko kumewagharimu watoto waliong'atwa na mbwa waliouawa.

Maandishi makuu kuhusu Uchaga, tangu ya Bruno Gutmann na Charles Dundas katika miaka ya 1920 hadi ya Kathleen Stahl (1964) na Sally Falk Moore (1986), yameshughulika hasa na ardhi, ukoo, sheria na utawala wa wamangi. Mbwa hana sura yake humo. Kwa hiyo ninamsoma kwa kuzunguka: kupitia mpangilio wa kihamba, kupitia maneno ambayo lugha imempa, kupitia sheria, na kupitia kumbukumbu ya nyumba niliyolelewa. Chanzo hiki cha mwisho kina hatari zake, nami nakitumia nikijua kwamba sehemu ya ninayoyaeleza niliyatenda mwenyewe.

Majina yanayohukumu

Kiswahili kina jina la mbwa anayedharauliwa kuliko wote: mbwa koko. Katika matumizi ya kila siku, koko ni mbwa asiye na mwenyewe, anayezurura na kujitafutia jalalani. Ukilitazama vizuri, jina hili halielezi umbo, rangi wala nasaba. Linaeleza uhusiano uliokosekana kati ya mbwa na mtu. Hata hivyo linatumika kama jina la mbegu. Mbwa wa kienyeji aliyefugwa, mwenye jina lake na banda lake, ataitwa koko na jirani mwenye mbwa wa kigeni, na watoto wa mbwa huyo wataitwa koko kabla hawajafumbua macho. Hali ya malezi imegeuzwa nasaba, na mtumiaji wa neno hahisi mgeuko huo.

Neno mshenzi lina safari inayofanana. Pwani lilikuwa neno la waungwana kwa watu wa bara, wasio na mji wala dini yao. Walowezi wa Kiingereza wa Afrika Mashariki wakalichukua katika lugha yao, wakampachika mbwa wa kienyeji, ili mbwa waliokuja nao melini wapate wa kuwazidi. Jambo hili halikuwa la kwetu peke yake. Aaron Skabelund, katika kitabu chake cha 2011 kuhusu mbwa na himaya ya Japani, ameonyesha jinsi mbwa wa kigeni na mbwa wa wenyeji walivyopangwa katika madaraja yaleyale waliyopangwa wenyewe wao. Lance van Sittert na Sandra Swart walikusanya tafiti za aina hiyo kuhusu kusini mwa Afrika katika Canis Africanis (2008). Wazo la kwamba mbwa wa kijiji ni mabaki yaliyoharibika ya mbegu bora nalo halina msingi. Adam Boyko na wenzake walipochunguza jeni za mbwa 318 wa vijijini katika Misri, Uganda na Namibia (2009), waliwakuta wengi wao, hasa wa Uganda, wakiwa wa asili ya zamani ya barani humu, si machotara wa mbwa wa Ulaya.

Wapo wanaoufikia upesi Uislamu wa pwani kuwa ndio chimbuko la dharau hii. Hoja hiyo ina haraka mno. Katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara. Haisemi lolote kuhusu hulka ya mbwa, na fikihi hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda. Vilevile Uru, penye Wakatoliki wengi, imewadharau mbwa wake vizuri tu bila msaada wa pwani.

Upande wa pili wa koko kuna mbwa mwenye mbegu, na wa kwanza kuingia katika fikra za watu wa Moshi alikuwa mbwa wa kichungaji wa Kijerumani. Chama kilichoiweka sawa mbegu hiyo kilianzishwa Ujerumani mwaka 1899, wakati Wajerumani wakiwa tayari wanaitawala Kilimanjaro, na mwaka mmoja tu kabla hawajamnyonga Mangi Meli pale Moshi ya Kale. Mbwa huyu ni somo zuri la jinsi unyanyapaa unavyomfuata mwenye mbwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza hawakutaka kusikia jina la Ujerumani. Wakamwita mbwa yuleyule Alsatian, na jina rasmi la zamani halikurudi kwao hadi 1977. Australia ilipiga marufuku uingizaji wake mwaka 1929, na katazo hilo likadumu hadi miaka ya 1970. Katika kipindi hichohicho mbwa wa mbegu hiyo walikuwa wakiwaongoza vipofu: shule ya kwanza ya mbwa waongozaji ilifunguliwa Oldenburg mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Damu ni moja. Mmoja alimshika kipofu mkono, mwingine akalinda seng'enge ya kambi.

Afrika Mashariki ilimfahamu zaidi akiwa mkononi mwa dola. Nchini Kenya, wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, mbwa walitumika kufuatilia nyayo za wapiganaji wa Mau Mau msituni. Katika Tanganyika, na Tanzania baada yake, jina lililomkaa ni "mbwa wa polisi". Basi watu waliposema mbwa yule ni mkali kwa mbegu, walikuwa wakimsema pia aliyeshika kamba. Wahenga walikuwa wazi zaidi: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Kihamba na kazi ya mbwa

Ili kumwelewa mbwa wa Uru ni lazima kuielewa ardhi anayoilinda. Kihamba ni eneo dogo lenye nyumba, migomba, kahawa chini ya kivuli cha migomba, na ng'ombe wanaolishwa zizini kwa majani na magogo ya migomba kwa sababu hakuna malisho ya kuwatembeza. Kihamba kimepakana na kihamba kingine kwa ua wa masale, na kati yake hupita vijia vyembamba vinavyotumiwa na kila mtu: wanawake wenye mizigo ya majani kutoka mashamba ya chini, watoto wa shule, wanaokwenda mfongoni, wanaokwenda kanisani. Katika makazi ya namna hii hakuna mgeni wa kweli mchana. Mtu anayepita hatua tatu kutoka mlangoni pako huenda ni binamu.

Usiku mambo hubadilika, na yalibadilika zaidi kahawa ilipoingia. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa Kilimanjaro, KNPA, kilianzishwa 1925, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na ushirika wa KNCU. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu bei, siasa na uongozi wa vyama hivyo. Kwa mada hii kilicho muhimu ni jambo la kawaida kabisa: mkulima wa Kilimanjaro hakupeleka matunda mabichi kiwandani siku ya kuchuma. Alimenya kahawa nyumbani kwa mashine ya mkono, akaichachusha, akaiosha, akaianika kwenye vichanja siku nyingi, kisha akaipeleka chama cha msingi. Maana yake ni kwamba ada ya shule ya mwaka mzima ililala nje, mbele ya nyumba, penye njia ya watu wote. Hakuna bwana shamba aliyewahi kumwandika mbwa katika hesabu ya gharama za kahawa, lakini alikuwamo.

Kwa hiyo kihamba kilidai mbwa wawili katika mwili mmoja: wa mchana asiyemgusa binamu, na wa usiku asiyemsaza mtu. Jibu la kaya nyingi lilikuwa mnyororo. Mbwa alifungwa alfajiri nyuma ya zizi au chini ya mti, akafunguliwa watu wanapolala. Jibu hilo lilikuwa na gharama ambayo haikuonekana mara moja. Mbwa anayewaona watu akiwa kwenye ncha ya mnyororo tu hujifunza jambo moja kuhusu watu: kwamba huja, naye hawezi kukimbia. Akibweka, nao wakapita zao kama walivyokusudia, yeye huona amewafukuza. Somo hilo analipata mara nyingi kila siku, kwa miaka.

John Paul Scott na John Fuller, katika utafiti mrefu uliochapishwa 1965, walieleza kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa hupitia kipindi ambacho anachokizoea hukiona cha kawaida maisha yake yote, na asichokutana nacho humtia hofu baadaye. Nilipokisoma kitabu hicho nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nilicheka kidogo, kwa sababu bibi yangu alijua hayo bila maabara. Mtoto wa mbwa alipoletwa nyumbani, agizo la kwanza lilikuwa afichwe "asizoee watu". Aliwekwa gizani, nyuma ya zizi, akalishwa na mkono mmoja. Wageni walikatazwa kumshika. Baadaye yalikuja mengine: pilipili katika chakula, kukatwa masikio, kuchokozwa kwa kijiti kupitia upenyo wa mbao. Katika baadhi ya nyumba aliwindiwa mavu, akalishwa, ati awe na sumu kama wao.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Watu wanaosema ukali ni wa damu wasingehitaji pilipili. Wasingehitaji giza, wala kijiti, wala agizo la asizoee watu. Mikono yao ilitenda kwa kufuata nadharia kamili ya malezi, na midomo yao ikasimulia nadharia ya mbegu. Pilipili yenyewe sidhani kama iliongeza lolote zaidi ya maumivu ya tumbo. Lakini maumivu nayo hufundisha. Tofauti ya mikono na midomo haikuwa ujinga. Ilikuwa na manufaa yake, kwani mbwa aliyefanywa mkali akimng'ata mwizi sifa ni ya mwenye mbwa, na akimng'ata mtoto wa jirani lawama ni ya mbegu.

Mbwa wawili wa tumbo moja

Mwishoni mwa miaka ya 1990 baba yangu mdogo, aliyekuwa akilinda nyumba ya mtu mmoja mjini, alileta watoto wawili wa mbwa ndani ya kikapu cha ndizi. Walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mama yao, alisema, ni nusu Mjerumani. Baba yao hakuna aliyemjua. Mmoja alibaki kwetu akaitwa Tomi. Wa pili alipewa jirani, mama mjane aliyepika mbege ya kuuza, akaitwa Popi.

Tomi alilelewa kwa utaratibu niliokwisha kuueleza. Kazi ya kumchokoza ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kama minane, na niliambiwa kuwa ni kazi ya mwanamume. Kila nikirudi shule nilichukua kijiti, nikamchoma ubavuni kupitia mbao mpaka akaume ubao wenyewe. Nilisifiwa. Baada ya miezi kadhaa alihamishiwa chini ya mparachichi kwa mnyororo, na kuanzia hapo ni bibi peke yake aliyeweza kumkaribia. Mimi hakunisamehe kamwe.

Popi hakufungwa, kwa sababu ya kibiashara tu: huwezi kuuza mbege na kufuga mbwa anayerarua wateja. Alikulia chini ya mabenchi, kati ya miguu ya wanywaji, akala makombo ya kila mtu. Wazee walimkanyaga wakirudi makwao gizani, naye akalia tu na kuhama. Kwa umbo walifanana kiasi kwamba wageni waliwachanganya, kasoro masikio.

Itakuwa si haki kuisimulia habari hii kana kwamba nyumba moja ilikuwa na hekima na nyingine haikuwa nayo. Mwaka mmoja, wakati kahawa ikianikwa, wezi waliingia kwa yule mama wakabeba gunia zima. Popi aliwafahamu, au aliwadhania kuwa wateja. Kwetu hakupotea hata punje. Mama yule alilia, na watu wa kijiji, bibi yangu akiwamo, walisema kwamba mbwa wake ni koko. Ndugu yake Tomi, wa tumbo lilelile, alisifiwa kwa damu ya Kijerumani. Sikumbuki mtu yeyote aliyeona hitilafu katika maneno hayo, nami sikuiona.

Desemba iliyofuata ndugu zetu walipanda kutoka Dar es Salaam kwa sikukuu ya Krismasi, kama Wachaga wengi wafanyavyo. Mtoto mmoja wa miaka mitano alikwenda chini ya mparachichi kuokota. Hakuwa amewahi kuambiwa mnyororo unafika wapi. Aling'atwa usoni na begani, akashonwa, na kovu analo hadi leo akiwa mtu mzima. Tomi aliuawa jioni ileile kwa rungu, angali amefungwa. Baba mdogo alisema kwamba hiyo ndiyo mbegu yao, huwa wanageuka. Neno hilo, wanageuka, nimelisikia mara nyingi tangu hapo kuhusu mbwa wa kigeni. Tomi hakuwa amegeuka popote. Alifanya kwa mtoto yule kile nilichomfundisha kukifanya kwa kijiti.

Mnyororo haukutupwa. Mwezi wa Februari aliletwa mtoto mwingine wa mbwa, akafungwa kwa mnyororo huohuo, chini ya mti uleule.

Mbegu mpya, wenye mbwa walio mbali

Kulegezwa kwa biashara ya kahawa katika miaka ya 1990 na kuanguka kwa bei kulikofuata kulibadili sura ya Uru. Vijana wengi waliteremka mijini. Vihamba vilibaki na wazee, na baadhi ya waliofanikiwa wakajenga nyumba za matofali zenye ukuta na geti, zinazokaliwa kikamilifu wiki mbili za Desemba. Katika nyumba hizi ndimo walimoingia rotwaila, boaboli na wale wanaoitwa pitibuli. Wanaletwa na mwenye mali anayeishi mbali, wanalishwa na kijana wa kazi ambaye pengine anawaogopa, na hawatoki nje ya ukuta tangu wanapoletwa. Mwenye mbwa kwa jina na mwenye mbwa kwa mkono si mtu mmoja. Zamani bibi alimlisha Tomi na kuishi naye. Leo mbwa huenda asimjue kabisa yule anayejiita bwana wake, na anapokuja Desemba na watoto wake, wao ndio wageni.

Hapa ndipo swali la damu linapostahili jibu la uaminifu. Mbegu zina uzito. Mbwa wa kilo hamsini mwenye taya pana akiuma, majeraha si sawa na ya mbwa wa kienyeji wa kilo kumi na tano, hata kama hasira zao ni sawa. Na zipo tabia zinazorithiwa kwa kiasi, kama vile wepesi wa kufuata maelekezo ya mtu. Lakini Kathleen Morrill na wenzake, waliotumia taarifa za mbwa 18,385 na kusoma jeni za 2,155 kati yao (2022), walikuta kwamba mbegu inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja mmoja, na kwamba ni kigezo dhaifu hasa kwa jambo tunalolijadili, yaani wepesi wa kukasirika.

Pitibuli mwenyewe ana historia inayofundisha. Mwaka 2007, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, mbwa wapatao 50 walikamatwa katika mali ya mchezaji mashuhuri Michael Vick, walikofugwa kwa ajili ya kupiganishwa. Desturi ilikuwa kuwaua wote, kwa kudhaniwa kuwa mbwa waliozaliwa na kulelewa kwa vita hawarekebishiki. Safari hii walichunguzwa mmoja mmoja. Wengi walikabidhiwa mashirika ya uokoaji, 22 kati yao kwa shirika moja la Utah, na baadhi wakaishia katika nyumba zenye watoto na paka. Si wote waliopona hofu zao. Jambo la kuzingatia ni kwamba walitofautiana, wakati mbegu ilitabiri wafanane.

Waingereza walichagua njia nyingine. Sheria yao ya mbwa hatari ya 1991 ilizitaja mbegu nne, pitibuli ikiwamo, na mwaka 2024 ikafuatia marufuku ya kummiliki XL Bully bila kibali cha msamaha. Uholanzi ilikuwa na katazo la aina hiyo dhidi ya pitibuli tangu 1993, ikaliondoa mwaka 2008 kwa kuwa halikupunguza matukio ya kung'atwa. Nataja mifano hii kwa sababu mapendekezo ya kupiga marufuku mbegu fulani huanza kusikika na kwetu kila mtoto anapojeruhiwa, na huonekana ya kisasa.

Sheria ya Tanzania, kwa bahati njema, ilirithi msimamo mwingine. Sheria ya Kanuni za Adhabu humtia hatiani mtu asiyechukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kusababishwa na mnyama aliye katika milki yake. Haiulizi mbegu. Inauliza milki na tahadhari. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inaongeza upande wa pili, yaani wajibu wa mtu kwa mnyama anayemfuga. Zikisomwa pamoja, sheria hizi mbili zinamweka mwenye mbwa katikati, mahali ambapo mazungumzo ya kijijini humwondoa. Shauri la kung'atwa likifika kwa mwenyekiti wa kitongoji huishia kwenye fedha za matibabu na kuuawa kwa mbwa. Mnyororo, geti, na nani alikuwa akimlisha havijadiliwi.

Mifano ya kinyume ipo katika ukanda wetu. Usa River, kati ya Moshi na Arusha, ndiko shirika la African Wildlife Foundation lilikoanza mwaka 2014 kufundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu na za faru pamoja na askari watakaowaongoza. Mbwa hao wanatoka Ulaya, baadhi ni wa jamii zilezile zinazoogopwa zikiwa nyuma ya geti. Huko ujira wao ni kucheza na mwenzao binadamu, na anayefundishwa zaidi ni binadamu. Gulu, kaskazini mwa Uganda, shirika la The Big Fix limechukua mbwa wa kienyeji waliotupwa, likawalea na kuwakutanisha na watu waliobeba majeraha ya nafsi ya vita vya LRA. Mbwa wanaolala kando ya vitanda vya watu hao ni wale ambao Kiswahili kingewaita koko.

Lakini huhitaji kutoka Uru kuona hili. Njia ya kwenda maporomoko ya Materuni hupitiwa na watalii karibu kila siku, na katika nyumba zilizo kandokando yake wageni huketi kutwanga na kukaanga kahawa. Mbwa wa nyumba hizo hulala katikati ya njia. Huinua kichwa, hutazama, hukilaza tena. Ukiiacha njia hiyo na kuingia vijia vya ndani, mwendo wa dakika kumi tu, unakutana na minyororo na midomo yenye povu. Kwa macho yangu ni mbwa walewale: rangi ya kahawia, mkia uliopinda, kifua chembamba. Watoto wa mbwa hupelekwa kutoka upande mmoja kwenda wa pili kila mwaka bila mtu kufikiria kwamba amebadili mbegu.

Jambo hili linagusa pia uhai wa watu kwa namna isiyotajwa kwenye vibao. Karibu vifo vyote vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa huletwa na mbwa, na kinga inayoaminiwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Siku ya chanjo bwana mifugo huweka meza yake penye uwanja wa shule au kanisa, na mbwa wanaofika ni wale wanaokubali kuvutwa kwa kamba ya mgomba na mtoto wa darasa la tatu. Nimesimama katika foleni hiyo kama msaidizi na kama mtazamaji. Niliwauliza waliokuja mikono mitupu kuhusu mbwa wao, na jibu lilikuwa lilelile kutoka nyumba hadi nyumba: yule hashikiki. Bwana mifugo aliandika idadi ya waliochanjwa, akafunga sanduku lake la barafu, akashuka mjini kabla ya saa nane.